Paneli za guta za kufungua na kufunga: skrubu za bati zilinigharimu 180,000

Posti ya leo ndefu kidogo, tafuta chai kabisa. Juzi kuna dada kaniuliza inboksi kwa nini paneli zangu za guta naziuza ghali kuliko za jirani wakati alumini ni ile ile. Nilimjibu kifupi, ila jibu lenyewe lina stori.

Kwa wageni wa ukurasa: mimi nauza paneli za kuvalisha guta, zile pikipiki za mizigo za miguu mitatu, wengine mikoani mnaziita toyo. Mteja ana guta lake, fundi wa mtaani kwake anamchomelea fremu ya skwea paipu, mimi namtumia kwa basi paneli za pembeni, mlango wa nyuma na paa, za alumini au za faiba. Anafunga mwenyewe. Shule niliishia form four, ufundi sikusomea. Haya yote nimejua kwa kuharibu.

Mwaka jana nilimuuzia mama mmoja wa mkoani anayetembeza juisi na vitafunwa. Alichotaka ni rahisi tu: asubuhi atoe paneli mbili za pembeni ili bidhaa zionekane, jioni azirudishe afunge. Nikamtumia paneli na pakiti ya skrubu za bati, zile zinazojitoboa zenyewe. Kama wiki ya sita hivi akanipigia. Paneli moja imechomoka akiwa barabarani, imeruka ikapita mbele ya bodaboda aliyekuwa peke yake. Yule kijana akakwepa, akaangukia kwenye mchanga pembeni, akachubuka mkono. Mungu saidia haikuwa zaidi ya hapo. Mama alikuwa analia kwenye simu. Nilirudisha hela yote 180,000, na matibabu ya kijana nikachangia. Nilipomwomba apige picha matundu ya kwenye fremu, nikaona kosa ni langu mia kwa mia.

Iko hivi. Skrubu ya bati inajichongea njia yake kwenye chuma chembamba. Ukiifunga mara moja ukaiacha, inashika vizuri tu. Ila ukiitoa na kuirudisha kila siku, kila mara inakula kidogo ile njia, na paipu za magari haya nyingi unene wake ni milimita 1.5. Bolti ya M6 ya kawaida jino moja hadi jingine ni milimita 1. Kwa hiyo hata ukichonga meno kwenye hiyo paipu, unapata jino moja na nusu la kushikilia paneli nzima. Mama alikuwa anafungua na kufunga siku sita kwa wiki. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kitu cha kufunguliwa kila siku kinataka nati ya kweli ndani ya fremu. Njia ziko mbili. Moja, fundi anachomelea nati nyuma ya tundu kabla fremu haijapigwa rangi. Ni rahisi na ngumu kufa, ila akikosea mahali umekwama. Ya pili ndiyo ninayoipenda: nati za kubana kama riveti. Unatoboa, unaitumbukiza, unaibana kwa koleo lake, inavimba kwa ndani na haitoki. Za M6 nyingi zinataka tundu la milimita 9, lakini soma pakiti kwanza maana tundu likizidi kidogo tu, nati itazunguka na bolti haitoki wala haiingii. Nimeshawahi kukaa saa zima nakata bolti moja kwa msumeno sababu ya hiyo nusu milimita.

Lakini hata nati nzuri usiipe kazi ya kubeba uzito. Hili ndilo lililobadilisha kabisa namna ninavyotengeneza. Sasa hivi paneli zangu za pembeni chini zina kulabu mbili zinazokaa juu ya paipu, uzito wote unalala pale, na juu kuna bolti mbili tu za kuizuia isifunguke. Mama anainua, anakalisha, anakaza mbili, kaondoka. Zamani alikuwa na skrubu nane. Halafu naweka kamba fupi ya waya kutoka paneli hadi fremu, ili hata bolti zote mbili zikisahaulika paneli ining'inie, isiruke. Kamba yenyewe haifiki hata 2,000.

Tuje kwenye matundu, maana hapa ndipo wateja wengi wanapoharibu. Mtu anapima paneli, anatoboa matundu yote sita mezani, anaenda kwenye fremu, mawili yanaingia, manne yamepishana. Fremu ya kuchomelea haiwi sawa kabisa, chuma kikipoa kinavuta. Ikalishe paneli mahali pake bila kutoboa chochote, ibane kwa klampu, simama mbali uangalie nafasi za pembeni kama zinalingana. Ukiridhika toboa tundu moja, la juu katikati. Weka bolti, isikazwe. Angalia tena. Ndipo uendelee na mengine kuelekea pembeni. Bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, spana iguse ya kwanza baada ya ile ya mwisho kuingia.

Na tundu la kwenye paneli liwe kubwa kuliko bolti. Watu wananibishia hapa. Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Paneli ya mita 2 ikitoka nyuzi 20 asubuhi hadi 60 juani, inaongezeka kama milimita 1.8, wakati fremu chini yake imeongezeka kama 1 tu. Ile tofauti inaenda wapi? Kama tundu limebana, paneli inatuna katikati au inapasuka kwenye tundu. Kwa dirisha la plastiki ngumu ni mbaya zaidi, urefu huo huo linaweza kuongezeka zaidi ya milimita 5. Ndiyo maana madirisha ya guta yanapasuka kuanzia kwenye bolti na mtu anasema kauziwa plastiki feki. Mimi kwa bolti ya M6 natoboa 8 kwenye alumini na 10 kwenye plastiki, na washa pana inaziba. Tundu moja tu la katikati naliacha libane, hilo ndilo linaloshikilia paneli mahali pake.

Faiba ina tabia zake. Itoboe kutokea upande wa nje unaong'aa, bandika tepu ya karatasi kwanza, drili iende taratibu na isiwe kwenye nyundo. Tundu lisikaribie ukingo chini ya sentimita 2 na nusu. Vaa barakoa, lile vumbi ni vioo vidogo vidogo. Na usikaze faiba kama unakaza gurudumu. Nyuma weka kipande cha tyubu ya tairi, mbele washa pana, kaza hadi mpira uanze kutuna kidogo, acha hapo hapo.

Huo mpira wa tyubu una kazi tatu: unazuia kelele, unazuia faiba isisagike, na unatenganisha alumini na chuma. Hiyo ya tatu wenzangu wa pwani msiidharau. Alumini ikigusana na chuma kitupu pakiwa na unyevu wa chumvi, alumini inaliwa, unaona unga mweupe unatoka kwenye maungio. Fremu ipigwe rangi hadi ndani ya matundu, mpira katikati, grisi kidogo kwenye bolti.

Sasa upande wa biashara. Huko Uingereza mwaka 1957 Lotus walitoa kigari kidogo kinaitwa Lotus Seven, kikauzwa pia kwa vipande mteja akajiungie nyumbani. Gari zima lilikuwa na kodi ya manunuzi, vipande havikuwa nayo, ila sheria haikuruhusu kuweka maelekezo ya kuunga. Inavyosimuliwa, waliweka maelekezo ya kubomoa, mteja akayasoma kuanzia mwisho. Mwaka 1973 kodi ile ikafutwa ikaja VAT, ujanja ukaisha, na mwaka huo huo haki za hilo gari zikaenda kwa Caterham.

Mimi nimeiba hiyo bila shida ya kodi. Kumrekodi mtu akifunga paneli ni vurugu, mikono inaziba, bolti zinadondoka. Kwa hiyo nafunga kwanza kwenye fremu yangu ya dukani, halafu narekodi nikiifungua, bolti moja moja, na kila inayotoka naiweka kwenye karatasi yenye namba. Video ya dakika 3. Mteja anaanza na bolti niliyoitoa mwisho. Simu za "kaka hii inaingia wapi" zimepungua sana.

Kabla ya kupokea oda naomba picha tatu: fremu yote kwa pembeni, futi ya kupimia ikiwa juu ya paipu ili nione upana, na picha ya ndani ya kona. Mtu asipotuma, situmi mzigo. Nimepoteza oda kadhaa kwa hilo na sijutii. Kwenye posti ya bidhaa naandika vipimo, uzito, idadi ya bolti, na naandika wazi kwamba koleo la kubania nati halimo, akaazime kwa fundi. Mfuko wa bolti unanigharimu kama 7,000: bolti, nati za kubana, washa pana, vipande vya tyubu vimekatwa tayari, kamba za waya, na bolti 2 za ziada maana lazima moja ipotee. Dada yangu wa inboksi, tofauti ya bei yako na ya jirani imelala kwenye huo mfuko na zile kulabu.

Yule mama nilimtengenezea seti nyingine bure. Ana mwezi wa tisa nayo. Ndiye aliyenifundisha la mwisho ambalo sasa naliandika kwa kalamu nyekundu ndani ya kila mzigo: siku 3 za kwanza za kutembea, kila jioni kaza upya bolti zote, kwa sababu mpira mpya unalala na bolti inabaki imelegea bila wewe kujua. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha.

Wenye fremu za chuma cha kona badala ya paipu, ninyi kulabu zenu zinakaa tofauti. Tumeni picha kwenye komenti niangalie.