Zambarau Isiyokuwa Rangi: Somo Juu ya Ndege wa Migori na Homa Bay

Sisi watu wa pwani twaijua zambarau kwa tunda lake. Mtoto akilila, ulimi hugeuka, na kanzu yake huingia doa lisilotoka upesi. Rangi hiyo wazee wetu waliiita pia urujuani, neno lililotujia kutoka Kiarabu. Na zamani watu wa mji wa Sur, katika Lebanon ya leo, waliitoa katika konokono wa baharini, wakatia nguo za wafalme. Kwa mazoea hayo twadhani kuwa kila chenye zambarau kimetiwa zambarau, na kuwa yaweza kukamuliwa humo.

Katika somo la leo twataka kubainisha kwamba kwa ndege mambo si hivyo daima. Mifano yetu mingi twaichukua Migori na Homa Bay, kaunti mbili za Kenya zilizo kando ya Ziwa Viktoria, ambako ndugu zetu wa Kendu Bay wana msikiti wa tangu siku nyingi. Nchi hiyo ina mito, mafunjo na mbuga za majani, na ndege wake ni wengi.

Wa kwanza ni kwezi mdogo, aonekanaye huko na katika sehemu nyingi za Afrika. Dume lake lina kichwa, koo na mgongo wa zambarau inayometa, na tumbo jeupe kabisa. Akigeuka juani, zambarau ile huingia wekundu. Akigeuka tena, huwa buluu. Jike lake ni la hudhurungi lenye michirizi, wala halina zambarau hata kidogo. Mtu awaonaye pamoja kwa mara ya kwanza aghlabu huwahesabu kuwa ndege wa aina mbili, na kumbe ni mume na mke.

Sasa, lau tungeuokota unyoya ulioanguka wa dume huyo tukausaga, tungepata unga mweusi tu. Zambarau imekwenda wapi? Jawabu ni kuwa haikuwamo. Ndani ya unyoya mna chembe nyeusi ndogo mno, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanga ukipiga hapo, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la juu na sehemu kutoka la chini. Mianga hiyo ikikutana, baadhi ya rangi huzidishana nguvu na nyingine huuana. Ile iliyozidi nguvu ndiyo ifikayo machoni petu. Kila mmoja wetu amekwisha kuona jambo hilo pale mafuta yalipomwagika juu ya dimbwi la maji: mafuta hayana rangi ya upinde wa mvua, nayo huionyesha. Tukiuvunja mpangilio wa unyoya kwa kuusaga, zambarau huvunjika nao.

Wa pili ni shorobo wa misitu ya kando ya mito ya magharibi ya Kenya. Mwili wake ni buluu iliyokoza yenye kuelekea zambarau, na akiruka hufunua mbawa nyekundu sana. Wekundu huo ni kinyume cha zambarau ya kwezi: ni rangi kweli, na ndani yake mna shaba. Mwanakemia wa Uingereza, Arthur Church, aliieleza mwaka 1869, na shaba yake ni karibu sehemu 7 kwa 100. Unyoya huo ukitiwa katika maji yenye magadi, wekundu hutoka kama utokavyo katika nguo mpya. Basi ndege mmoja huvaa rangi aliyotiwa, na mwingine huvaa mwanga uliopangwa, na macho matupu hayapambanui baina yao.

Wa tatu ni korongo wa kwenye mafunjo ambaye Wazungu humwita wa zambarau. Amtazamaye vizuri ataona kijivu na hudhurungi nyekundu zaidi kuliko zambarau. Hapa jina limekwenda mbali kuliko unyoya, na haifai kulifuata jina bila ya kutazama.

Wala haya si ya ziwani peke yake. Ndugu zetu walioko Maskati humwona bustanini chozi ambaye dume lake, wakati wa kuzaa, ni jeusi lenye kumeta zambarau na buluu, na jike lake ni kijivu na manjano. Kanuni ni ile ile ya kwezi.

Na faida ya somo hili ni nini? Ni kwamba uzuri huu umesimama juu ya mpangilio, na mpangilio huvunjika. Yuko mbayuwayu wa buluu iliyokoza yenye kung'aa, azaaye katika nyanda za juu kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini. Baada ya kuzaa husafiri hadi nchi za Ziwa Viktoria, na baadhi yao hukaa katika mbuga ya Ruma, bonde la Lambwe, Homa Bay. Yumo katika hesabu ya ndege walio hatarini, kwa kuwa majani marefu ayatakayo yamelimwa na kupandwa miti kwingi. Ruma ilitengwa mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 120 tu. Zamani mbung'o na malale viliwazuia watu wasilijaze bonde lile. Leo mashamba yamefika mpakani, na kinachoyalinda majani yale ni sheria na hiari ya watu. Vivyo hivyo mafunjo ya ziwani: yakikatwa yote, korongo hana pa kutaga.

Yatupasa basi kuwazuia watoto wetu na manati, na kuwafundisha kutazama kabla ya kutaja jina.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini unyoya wa kwezi ukisagwa hupoteza zambarau?
2. Wekundu wa bawa la shorobo wahitilafiana vipi na zambarau ya kwezi?
3. Mbayuwayu azaliwaye Malawi ahitaji nini kutoka kwa watu wa Homa Bay?