Rafiki, Si Mtumwa Tena

Andiko: Yohana 15:9-17

Hebu nikuulize: ni lini mara ya mwisho ulipiga magoti bila shida yoyote? Si karo, si kodi ya nyumba. Ukakaa na Yesu tu kwa sababu unampenda?

Wengi wetu tumemfanya Bwana kama wakala wa M-Pesa. Tunaenda dirishani, tunatoa tulichotaka, tunaondoka. Halafu tunashangaa mbona Jumapili tuliruka na kuimba, na Jumatatu asubuhi ndani ya matatu furaha imeshakwisha.

Angalia Yesu alisema maneno haya lini. Ni usiku ule wa mwisho. Yuda ameshatoka kwenda kumsaliti. Petro ameambiwa atamkana kabla jogoo hajawika. Msalaba ni kesho yake. Usiku kama huo, Yesu anazungumza habari ya furaha! Tena katika mstari wa 11 anataka furaha yake mwenyewe ikae ndani ya wanafunzi, ndipo yao itimie. Kumbe furaha hii haingojei mambo yanyooke. Inatoka kwake Yesu.

Mstari wa 15 unatuonyesha siri. Mtumwa hupewa amri bila kuelezwa. Fagia, chota maji, funga lango. Mipango ya tajiri haimhusu. Lakini rafiki huketishwa chini akaambiwa ya moyoni. Yesu anasema amewajulisha wanafunzi yote aliyoyasikia kwa Baba.

Usidhani basi urafiki huu ni wa mchezo. Mstari wa 14 bado unadai utii. Mtumwa hutii akiogopa kufukuzwa. Rafiki hutii kwa sababu anaujua moyo wa anayemwagiza.

Wacha nikiri jambo. Kuna miaka nilihudumu nikiwa mkavu kabisa. Kesha nipo, mikutano nipo, na ndani nimejaa manung'uniko. Nilifanya kazi ya Yesu bila kukaa na Yesu. Nikaanza kuamka nusu saa mapema, siombi kitu, nasoma Neno na kumweleza yaliyo moyoni. Deni langu lilibaki pale pale. Lakini mke wangu akaniuliza, "Baba, siku hizi unaimba ukioga, kuna nini?"

Joseph Scriven, aliyeandika wimbo tunaouita "Yesu Kwetu ni Rafiki", alimpoteza mchumba wake kwao Ireland. Alikufa maji siku moja kabla ya harusi. Baadaye, mwaka wa 1855 akiwa Kanada, Scriven aliandika maneno hayo kumfariji mama yake. Hakuyaandika kwa kuwa maisha yalimnyookea. Alikuwa na Rafiki.

Mpendwa, labda wiki hii kazi imeisha, au nyumbani hamsemezani. Hatukuambii ujilazimishe kucheka. Nenda kwa Rafiki yako umwambie ilivyo, kisha unyamaze umsikilize.

Ya kufanya wiki hii
1. Soma Yohana 15 mara tatu, polepole.
2. Tenga dakika kumi kila siku bila ombi lolote, ukae naye tu.
3. Katika ushirika wa nyumbani, jadilini: ninamtii Yesu kama mtumwa au kama rafiki?

Maombi: Bwana Yesu, nisamehe kwa kukutafuta siku ya shida peke yake. Asante kwa kuniita rafiki. Furaha yako na ikae ndani yangu, hata usiku wangu ukiwa mrefu. Amina.