Chenga Haziondoki kwa Kunoa Picha

Barua zilizouliza kamera ipi inunuliwe nimeziweka kando. Hizi ndizo zilizonikera, na mbili za mwisho zimenitia wasiwasi.

Nikinoa picha za ukumbini, mashavu ya bi harusi yanakuwa kama mchanga. Nikiondoa chenga, anageuka sanamu la plastiki. Nianze na lipi? (Mmeuliza wengi, nawajibu pamoja.)

Mnadhani kunoa kunaongeza kitu kwenye picha. Hakuongezi. Programu inatafuta mahali giza na mwanga vinapopakana, kisha inazivuta pande mbili ziachane zaidi. Chukua shela jeupe juu ya nywele nyeusi. Kwenye kipimo cha JPEG, cha 0 hadi 255, tuseme nywele ni 60 na shela ni 200. Ukinoa, pikseli za mpakani upande wa nywele zinashuka hadi 45, za upande wa shela zinapanda hadi 215. Jicho linaona ukali, lakini hakuna unywele hata mmoja ulioongezeka.

Sasa njoo shavuni. Ngozi ni laini, ila kwa sababu ya chenga pikseli zinasomeka 118, 124, 117, 125. Programu haijui kuwa hizo ni chenga. Kwake huo nao ni mpaka, basi inavuta: 114, 128, 113, 129. Huo ndio mchanga wenu. Kuondoa chenga ni kinyume chake: kila pikseli inasawazishwa na jirani zake, na kope zinasawazishwa humohumo kwa sababu programu haijui kope ni nini. Zana zote mbili zinagombea vitu vilevile vidogo, na anayeburuta slaida zote hadi mwisho anavuna ubaya wa zote.

Chenga kwanza, kunoa baadaye. Ukianza kwa kunoa, unapiga pasi shati lenye doa. Chenga za rangi, yale madoadoa mekundu na ya kijani gizani, ziondoe bila huruma. Jicho halidai undani mwingi kwenye rangi. Chenga zisizo na rangi ziache kidogo, maana ngozi ya mtu ina vinyweleo. Halafu, ukiwa Lightroom, shikilia Alt (Option kwa wenye Mac) huku ukiburuta Masking. Penye weupe ndipo panaponolewa, penye weusi hapaguswi. Endelea hadi shavu liwe jeusi, kope na nakshi za gauni zibaki nyeupe. Mnayo slaida hii miaka yote na hamuigusi!

Nimenunua kwenye simu kifurushi cha preset cha "kuondoa chenga zote kwa mguso mmoja". Mbona hakifanyi kazi?

Umeliwa.

Mwalimu wangu amenikataza kuvuka ISO 800, eti ISO ndiyo inayoleta chenga.

Basi akupe na taa. Chenga nyingi zinatokana na uhaba wa mwanga. Mwanga unafika kwenye kihisi chembe kwa chembe, bila mpangilio sawa. Pikseli ikipokea chembe 100, yumbayumba yake ni kama 10, yaani asilimia 10. Ikipokea 10,000, yumbayumba ni kama 100, asilimia 1 tu. Kwa hiyo fungua lenzi, punguza kasi ya shata kadiri watu walivyotulia, na ISO uipandishe bila woga. Anayeng'ang'ania ISO 400 akatoka na picha nyeusi, kisha akaing'arisha kwenye kompyuta, anazing'arisha na chenga zake. Na piga RAW: JPEG inatoka kwenye kamera ikiwa imeshaondolewa chenga na kunolewa, nanyi mnainoa mara ya pili.

Lenzi ilifokasi ukuta wa nyuma, maharusi wakatoka ukungu. Ninoe kiasi gani?

Usinoe. Chagua picha nyingine.

Familia imeniletea picha ya marehemu baba yao iliyozunguka WhatsApp, uso mdogo kama kucha. Programu ya akili unde imeitoa safi kabisa, lakini mama anasema huyo si mumewe.

Mama yuko sahihi. Kuondoa chenga kwa akili unde kwenye RAW nzuri sikatai, nami naitumia. Lakini uso wa pikseli chache hauna cha kusafishwa. Programu inabuni uso mpya kutokana na nyuso ilizofundishwa. Mwaka 2020 programu ya PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ikarudisha sura ya Mzungu. Mtafuteni aliyepiga picha atume faili la awali kama dokumenti, au tafuteni picha ya karatasi muiskani. Zikikosekana, chapisha ileile yenye chenga, ndogo, ndani ya fremu pana. Waombolezaji watamtambua.

Je, programu hiyo inaweza kusafisha picha ya CCTV tumjue aliyeiba bodaboda?

Hapana. Mkibandika mtaani sura iliyobuniwa na programu, atakayepigwa ni yeyote anayefanana nayo. Pelekeni polisi video yenyewe, kama ilivyo, bila kuigusa.