Kufundisha Uhakiki kwa Mfano wa Heartbleed

Usalama wa kompyuta haufundishwi kwa maonyo matupu, twapendekeza onyesho. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iitwayo Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya intaneti.

Mwalimu aandike ubaoni, bila nafasi: MAJIUFUNGUO. MAJI ni neno lililoletwa. UFUNGUO ni siri iliyohifadhiwa jirani yake. Mwanafunzi mmoja awe mtunzaji. Mwenzake aseme: “Nirudishie MAJI, herufi 4.” Kisha aseme: “Nirudishie MAJI, herufi 11.” Mtunzaji anayetii tu ataisoma na siri.

Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta hutuma ujumbe na kutaja urefu wake, ili urudishwe kuthibitisha kwamba mawasiliano yangali hai. Tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012, programu haikuuhakiki urefu huo. Ombi moja liliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu, hata nywila.

Mwalimu aulize: mtunzaji angefanya nini? Asiwatajie jibu. Watoto watagundua wenyewe: ahesabu kwanza, na ombi lisilolingana alitupe. Marekebisho ya OpenSSL yalifanya hivyo hasa.