Somo la Kikundi: Daftari la Makaburi na Majengo ya Zamani

Ndugu wanakikundi, kila kikundi kina daftari la michango na daftari la mahudhurio. Hata mbuzi wa mradi huandikwa. Lakini kaburi la babu, nyumba ya kale pale mtaani, kanisa la kwanza kijijini, je, vimeandikwa wapi? Vingi viko kichwani mwa mzee mmoja tu, na mzee huyo hatakuwepo milele. Katika somo hili tutaona kwa nini tuviandike, tukianza na kisa kilichotokea hapa hapa Kilifi.

Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mgiriama, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. (Wakatoliki msichanganye, hapa hatusemi kigango cha parokia!) Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa, ya kumkumbuka marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Watu wengine huwekewa koma, ambayo ni ndogo zaidi. Kigango hakihamishwi. Watu wakihama mudzi, chenyewe hubaki palepale mpaka kioze. Basi hapo ndipo wezi walipopata mwanya.

Mtafiti aliporudi kumletea mzee picha yake, akakuta vigango vimeibwa. Mzee aliaga dunia kabla havijapatikana. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy akaona picha ya kigango kilichokuwa kwenye makumbusho ya chuo kikuu katika jimbo la Illinois. Akakitambua: ni kimojawapo cha vile viwili! Cha pili kikaonekana Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Picha ya 1985 ikawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuupinga, na mwezi wa Juni 2007 familia ikakabidhiwa vigango vyake vyote viwili.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 2019 vigango 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya Denver vilifika Kenya. Mwaka 2022 makumbusho ya jimbo la Illinois nayo ikarudisha 37. Ni habari njema. Lakini vilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa, kwa sababu vingi havijulikani viling'olewa mudzi wa nani. Hakuna picha, hakuna jina. Kurudi nchini ni jambo moja, kufika nyumbani ni jambo lingine.

Wako Wakristo wanaosema hizo ni sanamu, zikienda na ziende. Hiyo ni hoja nyingine. Anayeng'oa alama ya kaburi la mtu akaiuze ni mwizi, hata kama wewe huiheshimu alama yenyewe. Tena sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inalinda vitu kama hivi.

Maandishi husaidia majengo pia. Pale Gede kuna kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria, 802, yaani 1399. Kwa sababu fundi mmoja aliandika mwaka, sisi leo tunajua mji ule ulikuwa na watu wakati gani. Kanisa dogo la Wareno pale Malindi linakumbukwa kwa sababu safari ya Fransisko Ksaveri ya mwaka 1542 iliandikwa. Rabai nako tunajua Krapf na Rebmann walianza kituo mwaka 1846, kwa kuwa walikuwa watu wa kuandika kila siku. Lakini wale wenyeji waliobeba mawe ya makanisa ya kwanza, majina yao mangapi tunayo?

Kuanza si kazi ngumu. Nunueni daftari moja gumu. Kwanza muombe ruhusa ya wazee na wenye kaburi. Kaya na makaburi si mahali pa kuingia ovyo na simu mkononi. Pigeni picha mbele na nyuma, na mtu wa familia asimame kando ili urefu uonekane. Ufa, alama ya kuchongwa, mahali palipoliwa na mchwa, vyote vipigwe kwa karibu, maana hivyo ndivyo vinavyotofautisha kigango na kigango. Kisha andikeni jina la marehemu, ukoo, aliyechonga au aliyejenga, mwaka, na siku ya kupiga picha. Picha isibaki ndani ya simu peke yake. Simu huibwa kabla ya kigango! Toeni nakala, moja ibaki kwa familia, moja kwa katibu, moja kanisani au ofisini kwa chifu. Msimwonyeshe mgeni daftari lote, kwa maana litakuwa ramani ya mwizi. Kitu kikiibwa, ripotini polisi siku hiyo hiyo na mchukue namba ya OB, halafu mpeleke picha ofisi ya makumbusho iliyo karibu.

Maswali ya kujadiliana: Katika kijiji chetu ni kaburi au jengo gani linajulikana na mtu mmoja tu? Nani atakwenda kumwuliza, na lini? Je, vijana wakiletewa pesa na mnunuzi, watatuambia?