Punguzo la Sola Liulize Mwisho, Mdogo Wangu

Haya, sogea karibu tuzungumze, maana siku hizi kila ninayekutana naye ana tangazo la sola kwenye simu. "Dada, seti kamili, punguzo la asilimia 40, mwisho Jumamosi, nichukue?" Na sauti yenyewe ni ya mtu aliyekwisha kuamua, anachotaka kwangu ni baraka tu. Baraka sitoi bure, mdogo wangu. Nami nakuuliza: unataka iwashe nini, na kwa saa ngapi? Hapo ndipo mnaponyamaza wote.

Usione haya, hauko peke yako. Giza lilituchosha. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 tunaukumbuka: nyama imeharibika kwenye friji, watoto wanagaagaa kwa joto, simu zimezima, na jirani pekee anayelala na feni ni yule mwenye paneli juu ya bati. Sasa ukipita Kariakoo ukaona taa zimewashwa mchana kweupe pale dukani, feni inazunguka na muziki juu, moyo unakimbilia mkoba wenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ila mkoba wenyewe, mara nyingi, una hela ya kikoba, na kikoba hakijui kwamba betri yako imekufa.

Nisiwaonee wauzaji. Punguzo lingine ni la kweli kabisa. Bei ya paneli duniani imeporomoka, kwa sababu viwanda vya China vinatengeneza nyingi kuliko zinazonunuliwa. Paneli ndiyo imekuwa kitu nafuu katika seti. Pesa yako inaliwa na betri. Kwa hiyo mtu akikupunguzia seti nzima, usifurahie jumla. Muulize amepunguza wapi. Asilimia kubwa ya vilio ninavyosikia vinaanzia kwenye betri, si kwenye paneli. Na wapo pia wanaopandisha bei kwanza Jumatatu ili waishushe Ijumaa, hao unawajua tangu kwenye viatu na mapazia.

Chukua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na umeme ni mali. Andika kila kitu unachotaka kiwake, wati zake, na saa zake kwa siku. Kisha zidisha wati kwa saa, upate wati-saa. Tuseme una taa sita za wati 9, zinawaka saa tano: hapo ni wati-saa 270. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano: 400. Feni mbili za wati 60 usiku mzima wa saa nane: 960. Simu za familia, weka 60. Friji ndogo nayo peke yake hula kama 1,200 kwa siku. Jumlisha: unakaribia 2,900, yaani karibu uniti tatu, zilezile uniti unazonunua kwenye LUKU.

Sasa rudi kwenye tangazo. Paneli ya wati 200 na betri ya 100Ah ya volti 12, "inaendesha friji, TV, feni na taa". Jua letu, ukilipima kwa saa zake kali, hukupa kama saa tano hivi kwa siku, Juni pungufu, Januari zaidi. Wati 200 kwa saa tano ni 1,000, na njiani zinapotea kwenye joto, vumbi na nyaya, unabaki na kama 700. Betri nayo, kama ni zile nzito za asidi, haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu ikiwa unataka iishi. 100Ah kwa volti 12 ni 1,200, nusu yake ni 600. Wewe unahitaji 2,900. Umeona? Muuzaji hakukudanganya kwamba friji itawaka. Itawaka. Hakusema tu mpaka saa ngapi.

Na usiku wa kwanza utafurahi, maana betri ni mpya na imejaa. Wiki ya pili utaanza kugombana na watoto, "zimeni hiyo TV!" Mwezi wa sita shemeji atakuuliza mbele ya wageni zile hela zilikwenda wapi. Betri ya asidi inayokamuliwa mpaka mwisho kila usiku haifiki mbali, nyingine hata mwaka haimalizi. Ndiyo maana lithiamu, ingawa ukitajiwa bei yake unashika kifua, mara nyingi hutoka nafuu: unaruhusiwa kutumia karibu yote iliyomo, na inajazwa na kutumika mara elfu kadhaa. Kwa yale mahitaji yetu ya uniti tatu, ungetafuta paneli kama za wati 800 na betri moja ya lithiamu ya 200Ah, au mbili za asidi za ukubwa huo, na hapo unasali mawingu yasikae siku tatu. Kama hela haitoshi, toa friji kwenye orodha. Taa, feni, televisheni na simu si unyonge. Pasi na jagi la kuchemshia maji usivitaje kabisa, hivyo peke yake vinataka wati elfu moja mpaka mbili.

Ukiwa dukani tumia macho na mikono, karatasi iliyobandikwa nyuma isikutishe. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Basi paneli ya wati 400 lazima iwe na kama mita mbili za mraba, ni kubwa kama mlango. Ukiletewa kitu unachoweza kukibeba kwapani kimeandikwa 400, hiyo ni kalamu ya mtu, si jua. Betri ya asidi ya 200Ah nayo ina uzito wa kilo 60 hivi. Kijana mmoja akiinyanyua kwa mkono mmoja huku anatabasamu, ondoka. Kuuliza si ujinga, na kupima si ufidhuli. Inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani, iwe ile ya wimbi safi kama kuna friji au feni, la sivyo mota zitalia usiku kucha na kufa mapema. Kumbuka pia kwamba friji ikianza kuwaka huvuta umeme mwingi kuliko wati zilizoandikwa, mara kadhaa zaidi, kwa hiyo inverta iliyopimwa kwa kubana itazima.

Halafu fundi. Jamani, fundi! Mtu ananunua vitu vya milioni mbili, kufunga anatafuta kishoka wa elfu ishirini. Nyaya nyembamba kwenye volti 12 zinapata moto, na moto darini hausemi hodi. Mtake akuonyeshe leseni ya EWURA. Akuwekee fyuzi na swichi za kukata umeme, avute waya wa ardhini, na kama nyumba ina TANESCO lazima kuwe na swichi ya kubadilishia, ili umeme wako usirudi kwenye nguzo. Hili silisemi kwa mzaha: mtu wa TANESCO anapanda nguzo akijua laini imekatwa, kumbe wewe unaisukumia umeme kutoka sebuleni. Roho ya mtu.

Juu ya bati, muulize kama kenchi zinabeba. Paneli moja kubwa ina kilo 25 na zaidi, na upepo ukiingia chini yake unaisukuma kama tanga. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo iangalie kaskazini, na ilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua iisafishe. Kivuli cha mwembe wa jirani kikigusa kona tu, umeme unapungua kuliko unavyodhani. Mlio pwani, vyuma vya kushikilia visiwe vya kuokoteza, chumvi itavila.

Kuna wanaolipa kidogo kidogo kwa simu. Sikukatazi, kwa mtu asiye na umeme kabisa ni mlango mzuri. Lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo ni mshahara wako. Zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, uone jumla, ndiyo uilinganishe na bei ya taslimu. Uliza pia ukikwama wiki mbili inakuwaje, maana sola nyingi za mkopo wa namna hiyo huzimwa kutoka ofisini kwa wauzaji, ukabaki gizani na deni.

Na hili la "sola itakuokoa gharama za LUKU" tulizungumze taratibu. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, bei ambayo imekuwepo miaka mingi ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Uniti zote 75 ni shilingi 7,500. Kwa hesabu hiyo, sola ya milioni mbili itakurudishia hela yako baada ya kama miaka 22, na hapo betri umeshabadilisha mara kadhaa. Aliye kwenye shilingi 292 kwa uniti hesabu yake ni nyingine, anaweza kuona faida mapema zaidi. Wewe mwenye LUKU ya mia, unanunua usingizi na utulivu umeme ukikatika. Ni sababu nzuri tu, ila iite kwa jina lake, usimwambie shemeji ni akiba. Na mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mgao ule ulilegea. Usinunue kwa hofu ya jana. Mwenzangu uliye kijijini, unayenunua mafuta ya taa na betri za tochi kila wiki, wewe usisubiri sana. Hesabu yako ilishakuwa nzito siku nyingi.

Kuhusu dhamana: miaka 25 kwenye paneli ni kawaida ya viwanda, usiichukulie kama zawadi. Uliza ya betri na ya inverta, iandikwe, na upewe risiti ya EFD yenye jina la duka. Muuzaji asiyetaka kutoa risiti leo, siku betri ikifa hatakuwepo.

Kwa hiyo Jumamosi ya punguzo ikupite kama daftari halijajaa. Jumamosi nyingine ipo, na bei za paneli haziendi popote. Ukimaliza hesabu yako, niletee tuipitie pamoja, mimi nipo. Lakini niletee kabla hujalipa.