Mto Kagera na Mpaka wa Nchi Tatu

Mpaka kati ya nchi na nchi huwekwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufuata kitu cha asili, kama mto au safu ya milima. Ya pili ni kupiga mstari katika ramani. Njia zote mbili zaonekana katika mto Kagera.

Mto huu, ulio mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria, huelekea kaskazini, Rwanda ikiwa magharibi yake na Tanzania mashariki. Unapokutana na mto Kagitumba, uitwao pia Muvumba, ndipo Rwanda, Tanzania na Uganda zinapogusana. Mahali penyewe pamo majini.

Kutoka hapo mpaka wa Tanzania na Uganda hufuata Kagera kwa kitambo, kisha huuacha na kunyoka mashariki hata ziwani, katika digrii moja kusini ya Ikweta. Mstari huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajeremani ya tarehe 1 Julai, 1890. Lakini mto haunyoki. Huinama kusini, hupita Kyaka ndani ya Tanzania, kisha hurudi kaskazini na kuingia ziwani katika Uganda. Kwa hiyo ipo sehemu ya Tanzania iliyo ng'ambo ya mto, upande wa Uganda.

Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo, wakaazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi walipopata uhuru, maana kila nchi ikidai mpaka wa kuipendeza, vita havitakwisha. Idi Amin hakulijali azimio hilo. Mwisho wa Oktoba, 1978, majeshi yake yaliingia katika sehemu ile, naye akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia wengi waliuawa, ng'ombe wakaporwa, na maelfu ya watu wakaacha nyumba zao. Vita vilivyofuata vilimwondoa Amin Kampala mwezi wa Aprili, 1979, na mpaka ukabaki ule ule wa zamani.

Ni kweli kwamba mto huonekana katika macho ya watu, na mstari wa ramani hauonekani. Hata hivyo mpaka wowote, ukiheshimiwa na majirani, humwacha mkulima alime kwa amani. Ukigombewa, yeye ndiye wa kwanza kuondoka shambani mwake.